Mapitio: WordPress, Drupal na Joomla kwenye mtihani wa XSS iliyohifadhiwa

Tuanze na hukumu kuhusu mifumo hii mitatu ya kujengea tovuti. Anayejenga tovuti ambayo watu wengi wasiofahamiana wataandika ndani yake, achague Drupal. Mwenye waandishi wachache anaowaamini abaki na WordPress, mradi apunguze plagini (nyongeza za programu) na afunge ruhusa moja tutakayoieleza hapa chini. Joomla ni mfumo mzuri, na ina chombo kimoja cha ulinzi ambacho wenzake hawakuja nacho, lakini mipangilio yake ya kuchuja maandishi inamtaka mtu anayejua anachokigusa. Yote mitatu ni ya bure na msimbo wake uko wazi, kwa hiyo hatupimi bei. Tunapima jambo moja tu: mtu akifanikiwa kuingiza skripti, yaani msimbo unaoendeshwa na kivinjari, kwenye hifadhidata, mfumo unafanya nini kabla haijamfikia msomaji?

Maana XSS (cross-site scripting) iliyohifadhiwa ni hiyo. Maandishi yenye skripti yanaingia kupitia fomu fulani, yanalala kwenye hifadhidata, kisha kila anayefungua ukurasa ule kivinjari chake kinaiendesha skripti kana kwamba mwenye tovuti ndiye aliyeiandika. Hakuna haja ya mtu kubofya kiungo kibaya. Na mlengwa mkubwa si msomaji wa kawaida, ni msimamizi anayeingia asubuhi kusoma maoni mapya.

Kuki za kuingilia za WordPress zimewekewa HttpOnly, hivyo skripti haiwezi kuzisoma, na wengi hudhani mambo yameishia hapo. Hayajaishia. Skripti tayari iko ndani ya ukurasa wa msimamizi. Inaweza kuufungua kimyakimya ukurasa wa kuongeza mtumiaji, ikasoma tokeni (msimbo wa kuthibitisha fomu) iliyofichwa humo, ikaijaza fomu jina la msimamizi mpya na kuituma. Kivinjari chenyewe ndicho kinachoambatisha kuki. Hakuna kilichoibwa, na msimamizi mpya keshapatikana.

Kusafisha mlangoni au kusafisha wakati wa kutoa

Kuna njia mbili. Ya kwanza husafisha maandishi yanapoingia: tagi zisizoruhusiwa zinaondolewa, kilichobaki kinahifadhiwa, na wakati wa kuonyesha kinatolewa kama kilivyo. Ya pili huhifadhi kila kitu kama kilivyoandikwa, halafu hukisafisha kila kinapotolewa. Kwa makala na maoni, WordPress hutegemea zaidi njia ya kwanza. Drupal hufuata ya pili kwa msimamo. Joomla huchuja mlangoni, na kwenye kutoa humwachia mwandishi wa kiolezo.

Tofauti huonekana siku mwanya unapogunduliwa. Kichujio cha Drupal kikitiwa kiraka, maandishi yote ya zamani, hata ya miaka mitano nyuma, yanapita kwenye kichujio kipya mara tu akiba ya kurasa inapofutwa. Kwenye kichujio cha mlangoni, kiraka kinazuia yanayokuja. Yaliyokwisha kuingia yamo, na yataendelea kuonyeshwa. Msimamizi anayesasisha na kwenda zake anaweza kuwa amefunga mlango huku mgeni akiwa sebuleni.

Hatari ya pili ni kwamba kilichokaguliwa mlangoni kinaweza kubadilika kikiwa njiani. Aprili 2015 Jouko Pynnönen wa kampuni ya Klikki Oy alionyesha hilo kwenye maoni ya WordPress. Safu ya maoni ndani ya MySQL, hifadhidata ya WordPress, ni ya aina ya TEXT, inayobeba baiti 65,535. Maoni marefu kuliko hapo yalikaguliwa, yakaonekana safi, kisha MySQL ikayakata mkia wakati wa kuyahifadhi. Tagi iliyokuwa imefungwa vizuri ikabaki wazi, alama ya nukuu ikakosa mwenzake, na kivinjari kilipojaribu kuirekebisha HTML hiyo mbovu kikasoma sehemu ya maandishi kuwa ni amri ya `onmouseover`. Toleo 4.2.1 lilitoka tarehe 27 Aprili kuziba mwanya huo. Siku chache kabla yake, 4.1.2 ilikuwa imeziba mwingine wa ukoo uleule: herufi ya baiti nne ambayo safu ya utf8 ya zamani haikuweza kuibeba, hivyo kila kilichofuata baada yake kikakatwa.

Kichujio hakikuwa na kosa katika yale kilichoyaona. Kosa lilikuwa kukiamini kilichokaguliwa kabla ya hatua ya mwisho.

WordPress

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: kiini cha WordPress kimekomaa. Kichujio chake, kses, hufanya kazi kwa orodha ya ruhusa, yaani tagi na atributi zilizotajwa ndizo zinazopita na nyingine zote zinaondolewa. Masasisho madogo ya usalama hujisakinisha yenyewe tangu toleo 3.7 la mwaka 2013. Faili za SVG, ambazo zinaweza kubeba skripti ndani yake, hazikubaliwi kupakiwa mpaka mtu aziruhusu kwa makusudi. Bado kiini nacho huteleza. Toleo 6.5.2 la Aprili 2024 liliziba mwanya kwenye bloku ya Avatar, ambako jina la kuonyesha la mtumiaji lilitolewa bila kugeuzwa herufi zake hatari, yaani kuziandika upya ili kivinjari kizisome kama maandishi tu. Pale bloku hiyo ilipotumika kwenye maoni, hata asiye na akaunti angeweza kuutumia.

Tatizo kubwa, hata hivyo, liko kwenye plagini. WordPress imetoa zana nzuri za kugeuza herufi wakati wa kutoa, lakini haimlazimishi mtu kuzitumia. Mwandishi wa plagini akisahau, hakuna safu ya pili ya kumwokoa. Umbo linalojirudia kuliko yote ni la shotikodi, neno ndani ya mabano ya mraba ambalo plagini hulibadilisha kuwa HTML. Tuseme plagini ina mstari huu:

`return '<a class="kitufe" style="color:' . $atts['rangi'] . '">' . $content . '</a>';`

Mchangiaji, daraja ambalo halina hata ruhusa ya kuchapisha, anaandika kwenye rasimu yake:

`[kitufe rangi='red" onmouseover="alert(document.domain)']Bofya[/kitufe]`

kses inaipitia rasimu na haioni tagi hata moja. Inachoona ni mabano ya mraba na maneno, na maneno yanaruhusiwa. Rasimu inahifadhiwa ilivyo. Mhariri anapoifungua kuihakiki, shotikodi inageuka kuwa HTML, alama ya nukuu iliyo katikati ya `rangi` inaifunga `style` kabla ya wakati wake, na `onmouseover` inakuwa atributi halali ya kiungo. Kipanya kikipita juu ya kitufe, skripti inaendeshwa kwa mamlaka ya mhariri. Makala haijachapishwa, wala haihitaji kuchapishwa.

Dawa ni neno moja, `esc_attr( $atts['rangi'] )`, lakini kila mahali pana neno lake. Maandishi yaliyo kati ya tagi yanataka `esc_html()`. Thamani ya atributi inataka `esc_attr()`. Anwani za `href` na `src` zinataka `esc_url()`, kwa sababu `javascript:alert(1)` haina nukuu wala alama ya `<`, hivyo `esc_attr()` itaiacha ipite bila kuigusa. Pale HTML inapohitajika kweli, ni `wp_kses_post()`. Data inayoingia ndani ya tagi ya skripti inapitishwa kwenye `wp_json_encode()` pamoja na `JSON_HEX_TAG`. Kutumia dawa ya mahali pamoja kwenye mahali pengine ndilo kosa la waandishi wanaojitahidi, na ni gumu kulinasa kwa macho kwa sababu msimbo unaonekana umelindwa.

Kosa jingine la wanaojitahidi ni kuitegemea `sanitize_text_field()`. Huondoa tagi, mistari mipya na nafasi za ziada. Haigusi alama za nukuu. Thamani iliyopita humo ikitolewa ndani ya atributi bila `esc_attr()`, shambulizi la hapo juu linapita vilevile.

Kuna na mahali pa tatu panaposahaulika: jina la tagi lenyewe. Wijeti nyingi za kujenga kurasa humruhusu mtumiaji achague kichwa kiwe `h2` au `h3`, na chaguo hilo hutumwa kwenye seva kama maandishi ya kawaida. Seva isipolilinganisha na orodha, mtu anatuma `script` badala ya `h2`, na kila anachoandika kwenye kichwa kinakuwa msimbo. Elementor ilikutwa na udhaifu wa namna hiyo mwaka 2021. Hapo kugeuza herufi hakusaidii kitu, maana neno `script` halina herufi ya kugeuza. Inatakiwa orodha fupi ya majina yanayokubalika, na lisilokuwemo linabadilishwa kuwa `div`.

Sasa ile ruhusa moja. Inaitwa `unfiltered_html`. Kwenye tovuti ya kawaida wanayo wasimamizi na wahariri wote, na mwenye nayo kses haimchuji kabisa. Kwenye mtandao wa tovuti nyingi anabaki nayo msimamizi mkuu peke yake. Maana yake nywila ya mhariri mmoja ikivuja, aliyeipata anaweza kuweka skripti kwenye makala yoyote na kumsubiri msimamizi. Tunaona wahariri hawaihitaji katika tovuti nyingi. Mstari huu kwenye `wp-config.php` unaizima kwa kila mtu:

`define( 'DISALLOW_UNFILTERED_HTML', true );`

Kabla ya kuuweka, tafuta makala zenye `iframe` au msimbo wa matangazo. Zitaendelea kuonekana vizuri mpaka siku mtu atakapozifungua na kuzihifadhi tena, hapo kses itazing'oa na mwandishi hatajua kilichotokea. Zihamishie kwanza kwenye bloku za kupachika au kwenye kiolezo. Ongeza pia `DISALLOW_FILE_EDIT`, inayofunga kihariri cha plagini na mandhari ndani ya dashibodi. Bila kihariri hicho, skripti iliyoteka ukurasa wa msimamizi inakosa njia ya mkato ya kuandika PHP (lugha ambayo WordPress imeandikwa) kwenye seva. `DISALLOW_FILE_MODS` ni kali zaidi kwa kuwa huzuia hata kusakinisha plagini, lakini huzima na masasisho ya kujiendesha, na tovuti isiyosasishwa ni hatari kubwa kuliko ile unayoikimbia. Iweke tu kama una utaratibu mwingine wa kusasisha unaofuatwa kweli.

Mfano wa kutosasisha upo. Plagini ya LiteSpeed Cache, iliyo kwenye mamilioni ya tovuti, ilikuwa na udhaifu uliosajiliwa kwa namba CVE-2023-40000 ambao mtu asiye na akaunti aliweza kuutumia. Tangazo lililoonyeshwa kwa msimamizi kwenye dashibodi lilichukua thamani kutoka nje bila kuisafisha wala kuigeuza. Toleo 5.7.0.1 liliuziba Oktoba 2023. Mwaka uliofuata washambuliaji walikuwa wangali wanauvuna kwenye tovuti zilizobaki nyuma, wakitengeneza wasimamizi wa bandia wenye majina kama `wpsupp-user`.

Kabla ya kusakinisha plagini, pakua faili zake na uendeshe hivi:

`grep -rnE 'echo +\$|<\?= *\$' jina-la-plagini/`

Kila mstari unaotoka ni kigezo kinachotolewa uchi. Si kila mmoja ni mwanya, kwa kuwa baadhi vimegeuzwa mistari michache juu yake, lakini plagini yenye makumi ya mistari ya namna hiyo imeandikwa na mtu asiyefuata desturi ya kugeuza mwishoni, pale pale kwenye `echo`. Mwenye PHP_CodeSniffer (zana ya kukagua msimbo) na viwango vya WordPress atumie kipimo cha `WordPress.Security.EscapeOutput`, ambacho hunasa zaidi ya grep.

Drupal

Tangu Drupal 8, Novemba 2015, violezo vyote vinaandikwa kwa Twig, lugha ya violezo, na Twig hugeuza herufi za kila kigezo bila kuombwa. Mwandishi wa moduli (nyongeza ya Drupal) akisahau, anasahau upande wa usalama: msomaji ataona `<b>` imeandikwa kama maneno, mtu atalalamika, kitarekebishwa. Kwenye WordPress mwenye kusahau haoni chochote, maana ukurasa unaonekana sawasawa. Sababu yetu kubwa ya kuiweka Drupal mbele ni hii.

Maudhui marefu hupitia fomati za maandishi, zilizopo kwenye `/admin/config/content/formats`. Kila fomati ni mnyororo wa vichujio, na mpangilio wa vichujio una maana. Kichujio cha kuweka mipaka ya tagi kikikaa juu, halafu chini yake kikafuata kichujio cha moduli nyingine kinachozalisha HTML kutokana na maandishi ya mtumiaji, kile cha chini kinatoa HTML ambayo hakuna aliyeikagua. Fungua kila fomati, tazama orodha ya mpangilio, na uulize kila kichujio kilicho baada ya kile cha mipaka kinatengeneza nini.

Fomati ya Full HTML haiwekewi mipaka ya tagi hata kidogo. Inafaa ibaki kwa wasimamizi peke yao. Tovuti nyingi za Drupal tunazozikuta na shida zilifika hapo kwa njia moja: mwandishi alitaka kupachika video, Basic HTML ikamkatalia, na mtu akampa Full HTML ili kazi iende. Jibu sahihi ni kuwasha moduli ya Media na kumpa kitufe chake kwenye kihariri.

Kuna jambo dogo ambalo wengi hawalijui na linastahili sifa. Kwa kuwa Drupal huhifadhi maandishi ghafi, msimamizi anayefungua makala ya mtu mwingine kuihariri angeweza kupakiwa skripti moja kwa moja ndani ya kihariri, kabla hata ya kuonyeshwa kwenye ukurasa. Drupal huyachuja maandishi kabla ya kuyapeleka kwenye kihariri pale inapoona fomati ina hatari hiyo. Aliyeliwaza hilo aliifikiria safari nzima ya data.

Panapovuja ni pachache na panajulikana. Tafuta `|raw` kwenye violezo na `Markup::create(` kwenye PHP, vyote viwili huiambia Drupal kwamba HTML hii ni salama, usiiguse. Kila unapovikuta, fuata kigezo nyuma mpaka chanzo chake. Kisha tafuta `href="{{`. Twig hugeuza nukuu, haijui kwamba `javascript:` ni hatari, kwa hiyo anwani inayotoka kwenye uga wa maandishi ya kawaida ipitishwe kwenye `UrlHelper::stripDangerousProtocols()`, au uga uwe wa aina ya kiungo tangu mwanzo. Upande wa JavaScript, Twig haipo kabisa: thamani iliyopelekwa kupitia `drupalSettings` na kuwekwa kwenye ukurasa kwa `innerHTML` inahitaji `Drupal.checkPlain()`, au afadhali `textContent`.

Kasoro yake kwa mtazamo wa usalama ni gharama ya kuitunza. Matangazo ya usalama ya kiini hutoka Jumatano ya tatu ya mwezi, ya moduli Jumatano yoyote, na kusasisha kunahitaji Composer, zana ya mstari wa amri, na mtu anayeijua. Anayetarajia kusasisha kwa kubofya kitufe atachelewa. Drupal 7 iliisha muda wake tarehe 5 Januari 2025, na haikuwa na Twig. Huko kila kitu kilitegemea mtu akumbuke `check_plain()`. Sifa tulizozitoa hapa haziihusu.

Joomla

Nenda kwenye mipangilio mikuu, kichupo cha vichujio vya maandishi. Kila kundi la watumiaji lina mpangilio wake: kutoruhusu HTML yoyote, orodha ya marufuku, orodha ya ruhusa, au kutochuja kabisa. Tatizo ni kwamba mtumiaji aliye kwenye makundi mawili anapata mchanganyiko wa haki zote mbili, na kundi moja lililoachwa bila kuchujwa linamfungulia kila kitu hata kama jingine ni kali. Weka orodha ya ruhusa kwa makundi yote yanayoandika, na uwaache bila kuchujwa wasimamizi wakuu peke yao, kama hata wao wanahitaji.

Orodha ya marufuku tusingeipa kundi lolote. Mwaka 2005 Samy Kamkar aliipita ya MySpace kwa kulikata neno `javascript` katikati na kuweka mstari mpya, na ndani ya siku moja wasifu zaidi ya milioni moja zilikuwa zimebeba skripti yake. Anayeorodhesha mabaya huwa nyuma ya anayeyabuni.

Februari 2024 kichujio chenyewe cha Joomla kilikutwa na mwanya, CVE-2024-21726, uliozibwa kwenye matoleo 5.0.3 na 4.4.3. Chanzo kilikuwa kwenye PHP: `mb_strpos` na `mb_substr` hazikuzihesabu baiti batili za UTF-8 kwa namna moja. Kichujio kikitafuta tagi inaanzia wapi kwa kutumia moja na kukata kwa kutumia nyingine, kilikosea mahali, na mabaki ya tagi yakapita. Yale yale ya 2015: kinachokagua na kinachotenda hawakuona maandishi yaleyale.

Upande wa kutoa, violezo vya Joomla ni PHP ya kawaida na `$this->escape()` huandikwa kwa mkono. Chunguza hasa nakala za violezo zilizo kwenye folda ya `html` ya mandhari yako. Kiini kikiziba mwanya kwenye faili ya asili, nakala yako inabaki na mwanya uleule, na tovuti inaonyesha nakala. Tangu Joomla 4 mfumo hukuarifu kwamba faili ya asili imebadilika baada ya sasisho. Usiipuuze arifa hiyo. Linganisha faili mbili na uhamishe mabadiliko. Kama nakala zako zinaita `htmlspecialchars()` moja kwa moja, kumbuka kwamba kabla ya PHP 8.1 haikugeuza nukuu moja isipoambiwa `ENT_QUOTES`.

Kile chombo tulichokitaja mwanzoni ni plagini ya vichwa vya HTTP iliyomo ndani ya Joomla tangu toleo la 4. Inakuwezesha kuweka kutoka kwenye dashibodi `Content-Security-Policy`, sera inayokiambia kivinjari ni skripti zipi kiziendeshe, na kuzipa skripti za tovuti tokeni ya kuzitambulisha (nonce). Kwenye WordPress na Drupal kazi hiyo inataka nyongeza au mkono wako kwenye seva. Sera inayofaa kuanzia ni hii: `script-src 'nonce-…' 'strict-dynamic'; object-src 'none'; base-uri 'none'`. Iwashe kwanza kwa kuripoti tu, soma ripoti mpaka utakapoelewa kila kinachozuiwa, ndipo uilazimishe. Ukiona mafunzo yanayokuambia uondoe nonce na uweke `'unsafe-inline'`, inayoruhusu skripti yoyote iliyoandikwa ndani ya HTML, ili makosa yaishe, jua makosa yataisha na ulinzi nao utaisha. Kurasa za ndani za WordPress zina skripti nyingi zilizoandikwa ndani ya HTML, hivyo sera kali kwa kawaida hubaki upande wa wasomaji, ilhali anayewindwa ni msimamizi.

Kuupima mfumo wako mwenyewe

Fanya kwenye nakala ya majaribio, si kwenye tovuti hai. Chukua maandishi yasiyodhuru, `"'><b>pima7</b>`, uyaingize kwenye kila uga unaopokea maandishi, ukiwa umeingia kwa daraja la chini kabisa linaloruhusiwa. Kisha ingia kama msimamizi, fungua kurasa zote mbili, ya wasomaji na ya ndani, na utafute `pima7` kwenye chanzo cha ukurasa kwa Ctrl+U. Usitumie zana ya kukagua elementi: hiyo huonyesha ukurasa baada ya kivinjari kuutafsiri, na `&quot;` itaonekana kama nukuu ya kawaida. Kwenye chanzo, ukiona `&lt;b&gt;`, uga umegeuzwa. Ukiona `<b>` mzima, una kazi. Ukiona `<b>` imeondolewa lakini nukuu imebaki ilivyo ndani ya atributi, una kazi vilevile, na hiyo ndiyo hali inayodanganya wengi.

Kila mtu hukumbuka kichwa cha makala na maoni. Zinazosahaulika ni jina la kuonyesha la mtumiaji, maelezo mbadala ya picha, jina la faili iliyopakiwa, jina la kategoria, na majibu ya fomu ya mawasiliano yanayofunguliwa ndani ya dashibodi. Mbaya kuliko zote ni plagini za takwimu. Zinarekodi anwani iliyoombwa, aina ya kivinjari na ukurasa mgeni alikotoka, vyote vikiandikwa na mgeni mwenyewe bila fomu yoyote, na vinaonyeshwa kwa nani? Kwa msimamizi. WP Statistics ilikuwa na mwanya wa hivyo hadi toleo 14.5, CVE-2024-2194, na ulitumiwa kweli mwaka 2024. Tuma ombi lenye `curl -A '"><b>pima7</b>'` kisha ufungue ukurasa wa takwimu.

Kama skripti imeshaingia

Mpangilio wa hatua ni muhimu. Sasisha kwanza, kwani ukisafisha kabla ya kuziba mwanya utasafisha tena kesho. Msimamizi asiifungue dashibodi kwa kivinjari chake mpaka hifadhidata iwe safi. Kazi ifanyike kwa mstari wa amri, kwa zana ya WP-CLI inayoitwa kwa `wp`. Kwenye WordPress, `wp db search '<script' --all-tables` ndiyo mwanzo, ikifuatiwa na `onerror=`, `onload=`, `onmouseover=`, `srcdoc`, `<svg` na `javascript:`. Soma kila jibu kabla ya kufuta, maana matangazo halali nayo huonekana humo. Usikate maandishi kwa SQL ndani ya jedwali la `wp_options`: data nyingi mle imehifadhiwa pamoja na urefu wake, na ukiondoa herufi bila kurekebisha urefu, mpangilio mzima haufunguki. Tumia `wp search-replace`, inayojua kuuhesabu upya.

Kisha `wp user list --role=administrator`, na kila jina ambalo hakuna anayelijua lifutwe. `wp core verify-checksums` na `wp plugin verify-checksums --all` zitaonyesha kama faili zimeguswa, ingawa plagini za kulipia hazimo kwenye orodha ya WordPress na hizo pakua upya kutoka kwa mwenyewe. `wp config shuffle-salts` inawatoa watu wote waliokuwa wameingia, mshambuliaji akiwemo. Haiwatoi wanaotumia nywila za programu, zilizoingia na toleo 5.6: hizo zinaishi kivyake kwenye akaunti ya kila mtumiaji, na skripti iliyokuwa na mamlaka ya msimamizi inaweza kuwa imejitengenezea moja. Ziorodheshe kwa `wp user application-password list`, mtumiaji mmoja baada ya mwingine, na ufute kila ambayo hakuna anayeidai.